Jinsi ya kutengeneza viwango rejea vya damu kwa watu wazima wa eneo lako

Karatasi ya majibu ya maabara huwa na safu mbili za namba: ya mgonjwa, na ile ya pembeni iliyoandikwa "kawaida", yaani kiwango rejea. Hiyo ya pili ndiyo inayomfanya daktari aandike dawa au amwambie mgonjwa arudi nyumbani, ila ukiuliza imetoka wapi, mara nyingi hupati jibu. Maabara nyingi wameinakili kwenye kijitabu cha mashine au karatasi iliyokuja ndani ya boksi la vitendanishi. Watu waliopimwa ili namba hizo zipatikane waliishi kwingine, kwenye mwinuko mwingine, wakila vyakula vingine na kuugua maradhi mengine. Nguo ya kuazima haistiri matako.

Tazama neutrofili, aina ya chembe nyeupe za damu. Vitabu vingi husema chini ya 1.5 × 10⁹/L ni upungufu. Lakini watu wengi wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara wana umbo la jeni ya ACKR1 linalofanya chembe zao nyekundu zisiwe na alama ya Duffy, na neutrofili katika damu yao huwa chache kuliko za wengine, bila wao kuugua. Ukimpima mtu wa namna hiyo kwa kiwango cha kuazima, mzima anageuka mgonjwa: dawa yake ya saratani inaahirishwa, anakataliwa kwenye jaribio la chanjo, au anachomwa mfupa kutolewa uboho pasipo sababu. Hemoglobini nayo hupanda kadiri watu wanavyoishi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kiwango cha pwani kikipandishwa mlimani kitawaficha wenye upungufu wa damu.

Njia inayoelezwa hapa ni ile ya waraka EP28-A3c wa CLSI (taasisi ya Marekani ya viwango vya maabara), ulioandaliwa kwa kushirikiana na IFCC (shirikisho la kimataifa la kemia ya tiba). Takwimu zake si ngumu. Ukiwa na data safi unazimaliza kwa siku moja. Kazi iko kwenye kuchagua watu na kuchukua damu yao. Hapo ukikosea, hakuna hesabu itakayokuokoa.

Hatua ya 1: Tenga vipimo vinavyohusika na visivyohusika

Kiwango rejea ni eneo la katikati linalobeba asilimia 95 ya watu wenye afya. Asilimia 2.5 wanabaki chini yake na asilimia 2.5 juu yake, ingawa hawaumwi chochote. Kwa hiyo mtu mwenye afya akipimwa vipimo 20 visivyotegemeana, uwezekano wa kupata angalau kimoja chenye alama ya "juu" au "chini" ni asilimia 64. Waeleze hivyo madaktari kabla hujaanza, vinginevyo kila atakayetoka nje ya kiwango chako kipya atahesabiwa mgonjwa.

Kuna vipimo visivyotafutiwa kiwango kwa njia hii. Glukosi, HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache) na kolesteroli vina mipaka ya uamuzi iliyotokana na tafiti za nani alipata madhara, haikutokana na wengi wanavyoonekana. Kisukari hutambuliwa kwa glukosi ya kufunga ya 7.0 mmol/L au zaidi, hata kama katika eneo lako wengi wameshafika 6.8. Ukitumia asilimia 95 ya jamii yenye unene mwingi, utakuwa umehalalisha ugonjwa kwa sababu tu umeenea. Troponini, kipimo cha kuumia kwa moyo, nayo hutumia kikomo cha asilimia 99, cha upande wa juu peke yake, na huhitaji watu wengi zaidi.

Vinavyobaki ni kundi kubwa na lenye faida: hesabu kamili ya damu, elektrolaiti, kreatinini, urea, vimeng'enya vya ini, bilirubini, albumini, kalisi, fosfeti na vya namna hiyo. Andika orodha, na mbele ya kila kimoja andika mashine, njia ya upimaji, kitendanishi na kizio. Kreatinini ya njia ya Jaffe na ya njia ya kimeng'enya haziwezi kuishi kwenye kiwango kimoja. Na chagua kizio kimoja tangu mwanzo: mg/dL 1 ya kreatinini ni µmol/L 88.4, na data iliyochanganya vizio viwili hutoa histogramu yenye vilima viwili ambayo mtu anaweza kudhani ni ugunduzi.

Hatua ya 2: Amua kama unathibitisha au unatengeneza

Si lazima kila maabara ianze sifuri. Kama kuna kiwango kilichotengenezwa vizuri kwa watu wanaofanana na wako na kwa njia ileile ya upimaji, unaweza kukithibitisha kwa watu 20 tu. Chagua wazima 20, wapime, hesabu walio nje. Wakiwa 2 au pungufu, kiwango kinakubalika. Wakiwa 3 au 4, chukua wengine 20 wapya. Wakizidi 2 tena, au wakiwa wamefika 5 tangu mara ya kwanza, kaa ukijua kwamba kiwango hicho si chako. Marudio hayo yamewekwa kwa sababu hata kiwango sahihi kabisa kitatoa watu 3 au zaidi nje karibu mara 7 au 8 kwenye kila majaribio 100 ya namna hiyo.

Ila jaribio la watu 20 ni kipofu wa jicho moja. Linakamata kiwango kilicho chembamba kupita kiasi. Kilicho kipana halikigusi. Kiwango cha ALT (kimeng'enya cha ini) cha 0 hadi 200 kitapita bila shida, watu wote 20 wakiwa ndani. Kwa hiyo usiishie kuhesabu walio nje. Panga namba zako 20 juu ya mstari na uone zimekaa wapi. Zikiwa zote zimejibana upande mmoja wa kiwango, kimekataa hata kama kimefaulu.

Ukibadilisha mashine tu, na watu ni walewale, unaweza kuhamisha kiwango cha zamani: pima sampuli zisizopungua 40 kwenye mashine zote mbili, zikitawanyika kutoka chini hadi juu, chora mstari wa uhusiano, geuza vikomo kwa mlinganyo huo, kisha thibitisha kwa watu 20. Tofauti kati ya mashine ikiwa kubwa au haina mpangilio, usihamishe.

Palipobaki hapana kitu cha kuaminika, tengeneza.

Hatua ya 3: Hesabu watu

Namba inayojulikana ni 120 kwa kila kundi. Haikuokotwa. Ili useme una uhakika wa asilimia 90 kuhusu kila kikomo bila kudhani data ina umbo gani, mtu wako wa chini kabisa lazima awe na uwezekano mkubwa wa kuwa chini ya kikomo cha kweli. Uwezekano wa mtu mmoja kutokuwa chini ya kikomo hicho ni 0.975, ukiuzidisha wenyewe kwa wenyewe kwa watu 120 unapata 0.048, yaani pungufu ya asilimia 5. Kinyume chake, ukiwa na watu 39, kikomo chako cha chini ni yule mtu mmoja aliyepata namba ndogo kuliko wote. Siku hiyo akiwa ametoka kuumwa tumbo, kiwango cha mji mzima kimeumwa tumbo.

Kwa kuwa hemoglobini, kreatinini, feritini na vingine hutofautiana kati ya wanaume na wanawake, panga makundi mawili: 240. Halafu ongeza wa kufidia watakaoenguliwa. Ukitarajia robo waondoke kwa sababu ya majibu ya uchunguzi au sampuli mbovu, andikisha 320. Watu hupunguza hesabu hii ili kubana bajeti, kisha wanajikuta na wanaume 131 na wanawake 87. Kundi la wanawake ndilo linalovuja zaidi, kwa ujauzito na upungufu wa madini ya chuma, kwa hiyo ongeza upande wao.

Hatua ya 4: Chagua watu, na hapa usiharakishe

Neno "mwenye afya" lifafanuliwe kwa maandishi kabla ya mtu wa kwanza kuchomwa sindano. Ukianza kulifafanua baada ya kuona majibu, utawaondoa wale tu wanaoharibu picha uliyoitaka.

Wapi utawapata? Njia rahisi tatu zina mitego yake. Wachangiaji damu wanapatikana kwa urahisi, lakini wameshachujwa kwa hemoglobini, kwa hiyo mkia wa chini wa kiwango umekatwa kabla hujafika. Na wanaochangia mara kwa mara huwa na akiba ndogo ya chuma. Wanafunzi wa chuo wako tayari siku zote, ila wote wana miaka 19 hadi 24, na kiwango chako kitatumika kwa mtu wa miaka 55. Wafanyakazi wa hospitali wengine wanatoka zamu ya usiku. Bora kuandikisha kutoka kwenye jamii yenyewe, kwa mgawo wa umri: kwa mfano 18–29, 30–39, 40–49 na 50–60, kila kundi na idadi yake ya wanaume na wanawake. Wachangiaji damu si marufuku, ila wasiwe wote.

Kamati ya maadili ya utafiti ipitishe mpango kwanza. Ridhaa iwe kwa lugha anayoielewa mhusika, ikisema wazi atapimwa nini, kiasi gani cha damu, na majibu atapewaje. Unaowapima VVU na homa ya ini lazima wapate ushauri nasaha na rufaa. Utakuta wagonjwa miongoni mwa waliojiona wazima, na si haki mtu huyo aishie kuwa mstari uliofutwa kwenye jedwali.

Dodoso liulize: maradhi sugu, kulazwa au upasuaji wa karibuni, homa au kuharisha ndani ya wiki mbili, dawa zote zikiwemo za mitishamba na vidonge vya uzazi wa mpango, pombe, sigara, ujauzito, kunyonyesha, tarehe ya hedhi ya mwisho, kuchangia au kuongezewa damu, mazoezi mazito ya siku tatu zilizopita. Kisha uzito, urefu, shinikizo la damu na uchunguzi mfupi wa mwili.

Vipimo vya kuchuja hutegemea maradhi ya eneo. Kwa kawaida huwa VVU, homa ya ini B na C, kaswende, ujauzito, na palipo na malaria, kipimo cha malaria. Kwa viwango vya chembe nyekundu ongeza feritini (protini inayohifadhi chuma) na CRP (protini inayopanda mwili ukiwa na uvimbe): feritini chini ya 15 µg/L ni dalili ya akiba ya chuma kuisha, lakini husomeka juu kwa uongo pale mwili unapopambana na uvimbe au maambukizi, ndiyo maana CRP huenda nayo. Palipo na selimundu, pima aina ya hemoglobini kwa umeme (elektroforesisi). Aliyebeba jeni moja tu hana ugonjwa. Amua mapema kama anabaki, na uandike uamuzi huo kwenye ripoti.

Swali linalozua ubishi kuliko yote ni la minyoo. Eosinofili, aina nyingine ya chembe nyeupe, hupanda kwa minyoo, na katika maeneo mengine wengi wanayo bila kujua. Ukiwaacha, kikomo cha juu kinapanda na minyoo inakuwa "kawaida". Ukiwaondoa, unaelezea mwili usio na minyoo katika mji ambao wengi wanayo. Msimamo wetu ni kupima choo na kuwaondoa walio nayo, kwa sababu kiwango rejea kinaelezea afya, hakielezei mazoea. Kuna wanaofanya kinyume kwa hoja nzito. Cha lazima ni kusema ulifanya lipi.

Kanuni moja haina ubishi: usimwondoe mtu kwa sababu ya namba ya kipimo kilekile unachokitafutia kiwango. Kumwondoa mwenye eosinofili nyingi kwa kuwa eosinofili zake ni nyingi ni kuchora mstari kisha kuita kila kilicho ndani yake ushahidi wa mstari. Mwondoe kwa choo, kwa dodoso, kwa feritini, kwa kitu kingine nje ya kipimo chenyewe.

Hatua ya 5: Andaa mashine kabla ya watu

Mashine iwe imefanyiwa matengenezo na usawazishaji, udhibiti ubora wa ndani wa viwango viwili ukiwa umetulia kwa wiki kadhaa kwenye chati ya Levey-Jennings (inayoonyesha majibu ya udhibiti siku hadi siku), na maabara iwe inashiriki upimaji linganishi wa nje. Kama mashine inasoma potasiamu juu kwa 0.2, kiwango chako kitaubeba upotofu huo kwa miaka, na siku fundi atakapoirekebisha wagonjwa wote watashuka kwa pamoja.

Sambaza upimaji kwa wiki kadhaa. Ukiwapima wote kwa siku mbili, kiwango kitakosa yale mabadiliko madogo ya siku hadi siku ambayo sampuli za wagonjwa huyapitia, na kitatoka chembamba kuliko inavyopaswa.

Hatua ya 6: Chukua damu kwa namna moja kwa kila mtu

Chukua asubuhi, tuseme saa 1 hadi saa 4, mtu akiwa amefunga kwa muda wa saa 8 hadi 12 kama kuna vipimo vinavyohitaji hivyo. Maji aruhusiwe. Akishafika, akae kwenye kiti dakika 15. Hili hupuuzwa kwa kuwa linaonekana adabu tu, lakini mtu anaposimama maji ya damu hutoka kwenye mishipa kuingia kwenye misuli na ngozi, na chochote kisichopenya kirahisi, yaani chembe, albumini, kolesteroli na kalisi iliyoshikana na protini, kinaonekana kimeongezeka. Nusu ya watu wako wakichukuliwa wametoka kutembea na nusu wamekaa, umeupanua mkia wa juu kwa sababu ya viti.

Mpira wa kufungia mkono usizidi dakika moja, na ulegezwe damu ikianza kutoka. Usimwambie akunje na kukunjua ngumi, potasiamu hupanda. Mpangilio wa tyubu: ya sitrati yenye kifuniko cha bluu, kisha ya seramu, ya heparini ya kijani, ya EDTA (dawa ya kuzuia damu kuganda) ya zambarau, mwisho ya floraidi ya kijivu. Usigeuze mpangilio huu. EDTA iliyomo kwenye tyubu ya zambarau ina potasiamu, na tone lake likihamia kwenye tyubu ya seramu potasiamu inaruka juu huku kalisi na fosfatesi ya alkali zikianguka. Ukiona mtu mzima mwenye potasiamu 7.5 na kalisi 1.1 aliyeingia kwa miguu akitabasamu, jibu liko kwenye sindano.

Tyubu ya EDTA ijazwe hadi alama yake na igeuzwe taratibu mara 8 hadi 10. Usiitikise. Ikijazwa nusu, EDTA inazidi na chembe husinyaa. Isipogeuzwa, yanatokea mabonge madogo na chembe sahani zinahesabiwa chache. Hesabu ya damu ifanyike ndani ya saa 6 hadi 8, kwa sababu kadiri muda unavyokwenda chembe nyekundu huvimba na MCV, yaani ukubwa wao wa wastani, hupanda. Sahani zikitoka chache kwa mtu asiye na dalili, tazama slaidi. Zikiwa zimeshikamana mafungu mafungu, rudia kwa tyubu ya sitrati na uzidishe jibu kwa 1.1 kufidia maji ya sitrati.

Tyubu ya seramu isimame dakika 30 igande, izungushwe kadiri mtengenezaji anavyoelekeza, na seramu itenganishwe na chembe ndani ya saa 2. Ikichelewa, chembe zinakula glukosi kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa na kumwaga potasiamu nje. Seramu yenye rangi ya pinki au nyekundu imeharibika chembe zake: tupa majibu ya potasiamu na ya vimeng'enya vya AST na LDH. Bilirubini huharibiwa na mwanga, na LDH haivumilii kugandishwa, kwa hiyo vipime siku ileile. Akiba igawe kwenye chupa ndogo kadhaa na uiweke nyuzi 80 chini ya sifuri, ili usilazimike kuyeyusha chupa moja mara tatu.

Pembeni mwa kila sampuli andika saa ya kuchukua na saa ya kupima. Miezi sita baadaye, ukitafuta kwa nini mtu wa 74 ana namba ya ajabu, dakika hizo mbili ndizo utakazozitamani.

Hatua ya 7: Tazama data kwanza, kisha piga hesabu

Chora histogramu ya kila kipimo, wanaume na wanawake kando. Hakuna hatua ya bei rahisi zaidi na hakuna inayorukwa zaidi. Hapo ndipo utaona kilima cha pili, koma iliyowekwa pabaya, au nguzo ndefu kwenye namba moja kwa kuwa mtu alikadiria. Kwa hesabu ya damu fanya pia ukaguzi wa haraka: hemoglobini kwa g/dL ikizidishwa kwa 3 inapaswa kukaribia hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) kwa asilimia. Hemoglobini 14 na hematokriti 35 kwa mtu mmoja ni kosa la mashine au la mwandishi.

Namba zilizojitenga zichunguze kwa kanuni ya theluthi. Panga namba kutoka ndogo hadi kubwa, tafuta pengo kati ya ya mwisho na inayoifuata, gawa kwa umbali wote kutoka ndogo hadi kubwa. Pengo likifika theluthi moja, namba hiyo inatoka. Tuseme ALT ndogo ni 6, kubwa ni 96, na inayoifuata ni 58. Pengo ni 38, umbali wote 90, theluthi yake 30: 96 inatoka. Lakini zingekuwa mbili, 93 na 96, pengo lingekuwa 3 na zote zingepita zikifichana. Kwa hiyo palipo na zaidi ya moja, anza na iliyo ndani: 93 toa 58 ni 35, umbali kutoka 6 hadi 93 ni 87, theluthi yake 29. Inatoka, na 96 inaifuata. Kabla ya kufuta rudi kwenye dodoso. Mara nyingi sababu imeandikwa palepale. Isipokuwepo na kanuni haikumtoa, abaki. Mtu mzima mwenye namba kubwa ni sehemu ya jamii.

Halafu amua kama wanaume na wanawake watengane. Usitumie jaribio la kawaida la takwimu, kwa maana watu wakiwa wengi hata tofauti isiyo na maana inaonekana ya kweli. Kanuni ya Harris na Boyd ni hii: toa wastani mmoja kwa mwingine, gawa kwa kipeuo cha pili cha jumla ya s²/n ya kila kundi, ambapo s ni mkengeuko sanifu. Kwa makundi ya 120 na 120, jibu likizidi 3 tenganisha; kwa idadi nyingine, zidisha hiyo 3 kwa kipeuo cha pili cha jumla ya watu gawa kwa 240. Kwa mfano hemoglobini ya wanaume ikiwa na wastani 15.0 na wanawake 13.2, mkengeuko 1.1 kwa wote, jibu ni kama 12.7: tenganisha. Sodiamu ikiwa 140.2 na 139.8 kwa mkengeuko 2.0, jibu ni 1.5: unganisha. Mkengeuko wa kundi moja ukizidi mwingine mara 1.5, tenganisha pia. Data yenye mkia mrefu igeuze kwanza kwa logi (logarithimu).

Sasa vikomo. Usitumie wastani kuongeza na kutoa mikengeuko miwili, isipokuwa umehakikisha data imekaa umbo la kengele. ALT, bilirubini na trigliseridi hazikai hivyo. ALT yenye wastani 22 na mkengeuko 13 itakupa kikomo cha chini cha 4 chini ya sifuri, na bado namba za namna hiyo hupatikana zimechapishwa. Panga watu 120 kwa safu. Kikomo cha chini ni nafasi ya 0.025 × 121, yaani ya 3. Cha juu ni 0.975 × 121, ya 118. Ukitumia Excel, fomula ni PERCENTILE.EXC. Ile ya PERCENTILE.INC hukupeleka nafasi ya 3.975, karibu nafasi moja nzima ndani zaidi, na kwenye mkia mtu mmoja ni mwingi.

Uhakika wa asilimia 90 wa kikomo cha chini, yaani eneo ambamo kikomo cha kweli kinatarajiwa kuwa, ni kati ya nafasi ya 1 na ya 7; wa juu ni kati ya ya 114 na ya 120. Tuseme potasiamu saba za chini ni 3.4, 3.4, 3.5, 3.5, 3.5, 3.6, 3.6, na saba za juu ni 4.8, 4.9, 4.9, 4.9, 5.0, 5.0, 5.2. Kiwango ni 3.5 hadi 5.0, upana wake 1.5. Kipimo cha ubora kinachotumika ni kwamba upana wa uhakika wa kikomo usizidi sehemu 0.2 ya upana huo, hapa 0.3. Upande wa chini, 3.4 hadi 3.6, umefaulu. Wa juu, 4.8 hadi 5.2, ni 0.4: haujatulia. Angalia kwanza sampuli zilizoharibika au zilizochelewa, kisha ongeza watu.

Ukiishia na watu kati ya 40 na 119, tumia njia thabiti ya Horn (njia ya takwimu isiyoyumbishwa na namba chache zilizojitenga), au logi kama data inalainika nayo, na utaje idadi. Chini ya 40, chapisha histogramu bila vikomo.

Hatua ya 8: Toa kiwango na ukilinde

Desimali zifuate uwezo wa mashine: sodiamu 136 hadi 145, si 136.3 hadi 144.8. Ripoti itaje idadi ya watu kwa jinsia na umri, mwinuko wa eneo, vigezo vya kuengua na walioenguliwa wangapi kwa kila kigezo, mashine na njia, namna ya kuchukua damu, hesabu iliyotumika, na uhakika wa kila kikomo. Kabla ya kubadilisha kwenye mfumo wa maabara, pitisha majibu ya mwezi mmoja uliopita kwenye viwango vya zamani na vipya, uhesabu ni alama ngapi za "juu" na "chini" zitabadilika. Wapelekee madaktari jedwali hilo na tarehe ya kuanza. Mgonjwa aliyekuwa na alama jana na leo hana, huku namba yake ni ileile, ana haki ya mtu wa kumweleza.

Thamani za hatari, zile za kupiga simu wodini usiku, usiziguse kwa zoezi hili. Zina msingi mwingine. Baada ya hapo kiwango hupitiwa kwa ratiba iliyoandikwa, kama ISO 15189, kanuni ya kimataifa ya ubora wa maabara za tiba, inavyotaka, na kila unapobadilishwa mtambo, njia au kisawazishi. Mapitio huanza na watu 20 wapya na histogramu yao.